Reitingi ya PPL imelala tangu 2018, niko Tabora: naanzia wapi?

Isevya_94
Wakuu, habari za jioni. Nina leseni ya urubani binafsi (PPL) ya hapa nchini, reitingi (idhini ya kurusha) ya ndege za injini moja. Mara ya mwisho kurusha ni 2018. Saa zangu zote ni 94, karibu zote kwenye Cessna 172. Reitingi imeisha, cheti cha afya kimeisha. Umri miaka 47, navaa miwani ya kusomea na natumia kidonge kimoja cha presha. Naishi Tabora mjini, na nikirudi hewani safari zangu zitakuwa Tabora–Kigoma na kurudi.

Naomba mnisaidie: nini kitangulie ili nisipoteze hela, nitenge saa ngapi na mwalimu, na nisome nini nikiwa hapa hapa nyumbani kabla ya kupanda gari kumfuata mwalimu?

Kitabu_Mezani
Karibu tena, mkuu. Anza kwa kutenganisha mambo manne ambayo watu huyarundika kwa jina moja la "leseni": leseni yenyewe, reitingi, cheti cha afya cha daraja la pili, na uthibitisho wa Kiingereza cha anga. Kila kimoja kina tarehe yake. Wengi hushughulikia reitingi kwanza kwa sababu ndiyo inayowauma, wanalipia saa tano za ndege, halafu daktari anawasimamisha.

Kwa hiyo afya kwanza. Mwone daktari aliyeidhinishwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), si daktari yeyote wa hospitali. Kuhusu kidonge chako: usikifiche na usikiache siku ya kipimo. Nenda na barua ya daktari anayekutibu, iandike jina la dawa, kipimo chake na tangu lini unaitumia. Ambatanisha vipimo vya presha vya wiki mbili, asubuhi na jioni. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa isiyolewesha huwa inazungumzika. Presha iliyofichwa ikagundulika inakuharibia jina na bima kwa pamoja.

Miwani nayo ina kipengele chake. Viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kwa daraja la pili vinataka uwezo wa kuona mbali wa 6/12 kwa kila jicho peke yake na 6/9 kwa macho yote mawili, ukiwa na miwani au bila, na usome maandishi madogo ya N5 umbali wa sentimita 30 hadi 50. Miwani ya kusomea iliyojaa kioo kizima haikubaliki, kwa sababu ukiinua macho kutazama nje unaona ukungu. Tengeneza ya nusu kioo, au yenye sehemu mbili, na iwepo ya pili ya akiba mahali unapoifikia ukiwa umefunga mkanda.

Hilo likipita, waandikie kitengo cha leseni cha TCAA. Weka nakala ya leseni, cheti kipya cha afya, na kurasa za mwisho za logbuku (daftari la saa zako za kuruka) zikiwa zimejumlishwa na kusainiwa. Uliza mambo matatu tu: ni mitihani ipi ya nadharia unarudia, mafunzo yafanyike chini ya shule ya namna gani, na mtahini yupi anakubalika. Omba jibu la maandishi. Ushauri wa mdomo kwenye simu hautakusaidia siku faili lako likiwa mezani kwa mtu mwingine.

Kiingereza: ICAO inapendekeza kiwango cha 4 kipimwe upya kila miaka 3, cha 5 kila miaka 6. Kiwango cha 6 hakirudiwi. Kwa muda uliokaa chini, kama ulikuwa wa 4 au wa 5, hesabu kwamba umeisha.

Kwa wasomaji wengine wenye leseni za nje, msichanganye kanuni. Leseni ya Marekani haiishi muda. Kinachodaiwa ni mapitio na mwalimu kila miezi 24, angalau saa moja ya darasani na saa moja ya kuruka. Kwa Ulaya, reitingi ya injini moja huishi miaka 2, na ikishakatika lazima upimwe na mtahini. Isevya leseni yake ni ya hapa, kwa hiyo asome kanuni za hapa.

Mkia_Chini
Naongezea upande wa kuruka wenyewe, maana makaratasi ndiyo sehemu nyepesi.

Saa ngapi? Walimu wengi huanza na makadirio ya saa moja ya ndege na mwalimu kwa kila mwaka uliokaa chini, na saa moja ya darasani kando yake. Kwako tenga 7 hadi 10. Bajeti iwe ya 10. Kama una hela ya saa 5 tu, subiri uzikusanye zote. Saa mbili mwezi huu na mbili baada ya miezi mitatu ni sawa na kumwaga maji kwenye mchanga. Ruka siku nne au tano mfululizo, mara mbili kwa siku, asubuhi mapema na alasiri upepo unapotulia.

Mkono hausahau sana. Ndani ya saa mbili utashika mwinuko na kugeuka vizuri kiasi cha kujidanganya kwamba umerudi. Kinachopotea ni mpangilio: kipi kinafuata kipi, nani anaambiwa nini, lini. Utajikuta umefika fainali (mstari wa mwisho wa kutua) hujavuta joto la kabureta (hewa ya moto ya kuzuia barafu), hujasema uko wapi kwenye redio, na macho yamekwama kwenye kipima mwendo. Kwa hiyo kazi yako ya Tabora, kabla hujalipa hata shilingi ya ndege, ni hii: pata kitabu cha ndege ile ile utakayorusha, cha modeli na mwaka wake, kaa kwenye kiti, bandika picha ya dashibodi ukutani, na upitie cheklisti kwa sauti huku mkono ukigusa kila swichi. Mara kumi kwa siku, wiki mbili. Mambo ya dharura yawe kichwani bila karatasi: injini kuzimika baada ya kupaa, moto wakati wa kuwasha, redio kufa.

Sasa suala la Tabora lenyewe, na hapa naomba usome taratibu.

Uwanja wa Tabora uko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kawaida ya vitabu kwenye kimo hicho ni kama nyuzi 7. Oktoba saa nane mchana una nyuzi 32. Tofauti ni nyuzi 25, na kila nyuzi moja inaongeza takriban futi 120. Zidisha: futi 3,000. Yaani ndege yako, ikiwa bado matairi yako ardhini, inahisi iko futi 6,900. Huo ndio mwinuko wa densiti, na ndio unaoingia nao kwenye majedwali ya kitabu, si ule ulioandikwa kwenye chati.

Maana yake kwa 172N (toleo mojawapo la Cessna 172) ya nguvu-farasi 160: injini inakupa kama asilimia 79 tu. Kasi ya kupanda ambayo kitabu kinaiandika futi 770 kwa dakika usawa wa bahari inashuka kwenye 450 hivi, na hapo ndege ni mpya, propela safi, na mkono ni wa rubani wa majaribio. Ukiwa na watu watatu na mafuta kamili, usiitegemee hata hiyo.

Mikscha, yaani mchanganyiko wa mafuta na hewa. Kitabu cha 172N kinasema wazi: uwanja ukiwa juu ya futi 3,000, punguza mafuta kabla ya kupaa hadi upate mizunguko ya juu kabisa gesi ikiwa imesukumwa yote na ndege imesimama. Ukijifunzia Dar, mkono umezoea "mikscha nyekundu mbele yote" na utaifanya hivyo Tabora bila kufikiri. Injini itapaa imezama kwenye mafuta, ina moshi mweusi na haina nguvu. Na kabla ya hapo itakudanganya kwenye kupima magneto (vifaa vinavyotoa umeme wa plagi): utaona kushuka kwa mizunguko na mtikisiko, udhani magneto mbovu, kumbe plagi zimejaa masizi. Kipimo ni mizunguko 1,700 kwa dakika, kila magneto isishushe zaidi ya 125, na tofauti kati yao isizidi 50. Ikitikisika, punguza mikscha, ongeza gesi, iache ichome nusu dakika hadi dakika moja, kisha pima upya. Ikiendelea, rudi banda.

Jambo la tatu ndilo linaloua. Kipima mwendo hakijui mwinuko. Ukija fainali kwa noti 65 (maili za baharini kwa saa) kwenye sindano, mwendo wako halisi katika hewa ile ni kama 72. Miti inapita haraka kuliko ulivyozoea, macho yanakwambia "una kasi sana", mkono unavuta pua juu. Ukifanya hivyo kwenye kona ya mwisho kuelekea fainali, umeinamisha bawa, pedali imekanyagwa zaidi ili kuwahi mstari, umeingia stoli (bawa kuacha kubeba ndege) ya upande mmoja ukiwa futi 400. Hakuna pa kuitoa. Sindano ndiyo ya kuaminiwa, ardhi uiachie ipite. Na ukitua, kwa sindano ile ile ndege itahitaji karibu asilimia 22 zaidi ya njia ili isimame, hata kabla ya kuhesabu mteremko au upepo wa nyuma.

Mpangilio wa masomo, mwombe mwalimu aufuate hivi: kwanza juu, mbali na uwanja. Mwendo mdogo, stoli za aina zote, kona za nyuzi 45. Kisha injini kuzimika. Halafu ndiyo mizunguko ya uwanja. Wanaorudi wengi huomba kutua siku ya kwanza kwa sababu ndiko wanakoogopa, wanatua vibaya mara kumi na kuondoka wamevunjika moyo. Kutua vibaya mara nyingi ni mwendo mdogo usiodhibitiwa tu. Tibu kule juu.

Na kukatiza kutua na kupaa tena, fanyeni mara nyingi kuliko kutua. Kwenye 172N: gesi yote, joto la kabureta lirudishwe, flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zitoke nyuzi 40 hadi 20 mara moja, noti 55, vizuizi vikipita ndiyo zilizobaki zinapandishwa kidogo kidogo. Ukisahau flapu kwenye 40 pale Tabora mchana, ndege haipandi. Inasogea mbele imening'inia mpaka ikutane na miti. Ukizipandisha zote kwa mkupuo, inazama. Hizo sekunde nne zifanye mpaka mkono uzijue wenyewe.

Kalumanzira_KG
Vipi simuleta ya kompyuta nyumbani? Siku hizi kuna usukani na pedali za bei ya kawaida. Si inaokoa saa kadhaa?

Mkia_Chini
Inaokoa kwenye mpangilio, redio na kusoma ramani. Hapo nakuunga mkono. Kwa kutua, hapana: kioo kimoja hakikupi ukingo wa macho, na huo ukingo ndio unaokwambia uko futi ngapi unaponyanyua pua. Tena inafundisha kosa baya, kukodolea ala badala ya kutazama nje. Itumie kwa safari nzima ya Tabora–Kigoma ukiwa unasema redio kwa sauti, basi.

Bangwe
Kwa kuwa umeitaja Kigoma, ngoja niseme ya huku.

Njia kwa mstari ulionyooka ni kama maili 190 za baharini, karibu magharibi kabisa. Reli ya kati inakusaidia sana: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Ila pale Kaliua reli inagawanyika, moja inakwenda Mpanda kusini. Kwenye moshi wa Agosti na Septemba, watu wakichoma mashamba na miombo yote ina ukungu wa kijivu, ni rahisi kuifuata isiyo yako. Kagua dira kila dakika kumi. Ukiona reli inakupeleka kusini-magharibi muda mrefu, umeshapotea. Upande wako kuna bonde la Malagarasi, na kwenye mabwawa yale hutaki injini ikuzimikie, kwa hiyo kaa juu.

Mafuta. Tuchukue 172N ya tanki la kawaida, lita 151 zinazotumika. Mwendo noti 105, unywaji lita 32 kwa saa. Kwenda bila upepo ni saa 1 dakika 48, lita 58. Sasa jiulize: nikikuta Kigoma kumefunga? Ukitaka uwezo wa kurudi Tabora ni lita 116 za hewani, ongeza 16 za akiba ya nusu saa, ongeza 6 za kuwasha na kupanda. Jumla 138. Inaonekana inatosha. Lakini upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki. Ukiwa wa noti 15, unakwenda kwa 120 na kurudi kwa 90. Jumla ya muda inafika saa 3 dakika 41, mafuta 140 pamoja na ile akiba na ya kuwasha. Juu ya akiba umebakiwa na lita 11, dakika 20 tu, kama mikscha uliipunguza vizuri. Usipoipunguza, lita 32 zinakuwa 38 na hesabu yote imekufa. Kwa hiyo weka pointi ya maamuzi njiani, mfano Uvinza: kabla ya kuipita uwe umesikia hali ya hewa ya Kigoma kwa redio au simu ya asubuhi, na kama ni mbaya unageuka hapo hapo. Na usidhani kuna Avgas (petroli ya ndege ndogo) kwa sababu kuna uwanja. Ndege za abiria zinatumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Piga simu, uliza "Avgas 100LL", taja jina lote.

Kigoma yenyewe iko futi 2,700 hivi, kwa hiyo ni nyepesi kuliko Tabora, ingawa kwa nyuzi 30 bado unahisi kama 5,100. Shida ni ziwa. Kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na njia ya kurukia inalala karibu kaskazini–kusini, kwa hiyo unakupiga ubavuni. Kwa 172 mwisho uliothibitishwa na watengenezaji ni noti 15 za ubavu, lakini kwa mtu aliyetoka likizo ya miaka saba jiwekee 8 kwa miezi sita ya kwanza. Fika kabla ya saa nne asubuhi.

Ukiwa juu ya ziwa siku ya ukungu, maji na mbingu vinakuwa rangi moja na mstari wa upeo unapotea. Milima ya Kongo upande wa pili huioni. Hapo usijaribu kugeuka kwa macho. Tazama kipima mlalo, geuka kwa nyuzi 15, rudi nchi kavu. Mwombe mwalimu akupe angalau saa moja ukiwa umezuiwa kuona nje, unatazama ala tu, kwa ajili ya hilo tu.

Unyevu wa ziwa pia unaleta barafu kwenye kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 25, ukishuka na gesi kidogo. Dalili: mizunguko inapungua polepole bila wewe kugusa kitu. Vuta joto la kabureta lote. Injini itakohoa na kutikisika, kwa sababu inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Wengi hapo wanaogopa na kulirudisha, na ndipo injini inapokufa. Liache. Itakohoa, kisha mizunguko itapanda.

Mwisho, saa. Mpango wa safari na taarifa za hewa zote ni UTC. Kwa saa zetu za Kiswahili, toa tatu: 0500 ni saa mbili asubuhi, 0900 ni saa sita mchana. Ukizoea "ongeza tatu" ya saa za ofisini kisha ukaisoma kichwani kama saa ya Kiswahili, umekosea kwa saa sita. Na jua likishazama huku, giza linaingia ndani ya dakika ishirini hivi.

Isevya_94
Wakuu, asanteni sana, nimechapa yote. Mawili yamebaki. Dawa za malaria na mafua, zipi zinanizuia kuruka? Na kuna ndege ya rafiki, 172, imesimama karibu mwaka kwenye banda. Anasema nikimaliza tutagawana gharama.

Kitabu_Mezani
Malaria: ukiwa unaugua huruki, na baada ya kumaliza ALu (dawa mseto ya malaria) subiri hadi nguvu zirudi kabisa na daktari wa anga akukubalie. Mefloquine kama kinga usiiguse, inaleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa, mamlaka nyingi za anga zimeikataa kwa marubani. Mafua: Piriton na ndugu zake zinalewesha hata usipohisi usingizi. Kwa diphenhydramine Wamarekani wanataka saa 60 zipite. Na pua ikiwa imeziba, kaa chini, maana ukishuka masikio yanafunga na maumivu yake yatakuondolea akili yote kwenye kutua.

Jambo jingine: hata mtahini akishakusaini, usimbebe mtu mpaka umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizotangulia. Ratiba ya kumpeleka mama mkwe Kigoma iwe ya baadaye.

Spana_13
Ndege iliyosimama mwaka usiifanye ya kurudia. Jifunze kwenye ya shule inayoruka kila siku. Wewe ukiwa mpya na ndege ikiwa mpya, tatizo likitokea hamjui ni la nani.

Ya rafiki yako ikabidhiwe fundi mwenye leseni kabla haijawashwa. Mwambie rafiki asizungushe propela kwa mkono "ili kulainisha", inakwangua ile oili chache iliyobaki kwenye kemu (shafti inayofungua vali) na kuacha chuma kikavu kipate kutu. Fundi atoe oili yote ya zamani, akate kichujio atafute vipande vya chuma, atazame silinda ndani kwa kamera. Ikishaanza kuruka, iruke angalau saa moja kila mwezi, oili ifike nyuzi 74 hadi 93. Kuiwasha dakika kumi bandani kunazidisha unyevu ndani.

Mafuta: kinga sampuli chini ya kila bawa na kwenye kichujio. Avgas 100LL ni ya bluu. Maji hukaa chini hayana rangi. Chupa ikiwa nyeupe tupu usifurahi kwamba ni safi, huenda yote ni maji. Una shaka kama kuna Jet A-1 ndani? Dondosha kwenye karatasi nyeupe: Avgas inakauka, Jet inaacha duara la mafuta.

Na nyigu. Kwa Tabora, ndege ikikaa wiki moja bila kifuniko cha bomba la pito (linalopeleka hewa kwenye kipima mwendo), wanajaza udongo. Huuoni kwa nje, uko ndani kidogo. Usipulize kwa mdomo, utaharibu kipima mwendo. Fundi afungue mrija kwa nyuma ndipo apulize. Siku ya kupaa, ukishasukuma gesi yote tazama vitu vitatu kwa mpangilio: mizunguko, presha ya oili, sindano ya mwendo. Ya mwendo iwe imeamka kabla hujapita robo ya njia. Haijaamka, funga gesi, kanyaga breki, rudi banda.